Sekunde Tatu na Nusu Mlangoni

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mkeo Bi Tiketi, na kwamba goti lako limekubali amani. Mimi sijambo. Chumba changu ni kilekile, kitanda, meza na dirisha linalotazama ukuta wa jirani, ila sasa nina pazia, kwa hiyo ule ukuta nautazama nikitaka mwenyewe. Najua hupendi simu, unasema inakamua sauti ya mtu mpaka yanabaki maganda. Basi naandika, ingawa fundi wa sauti hapa kazini, tunayemwita Masikio, anasema mimi ndiye mtu wa mwisho duniani anayenunua stempu.

Sasa kaa kitako. Hapa kwenye karakana yetu ya kusafisha filamu za zamani nimepewa kazi yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Ni ile filamu ya fundi saa, ile nyeusi na nyeupe uliyoionyesha kwenye ukumbi wenu wa sinema mpaka watazamaji wakawa wanawatangulia waigizaji kusema. Tunatengeneza toleo jipya la DVD, na jina langu litaandikwa nyuma ya jalada. Herufi zake utazitafuta kwa miwani, lakini litaandikwa.

Mkanda wa filamu hiyo umebaki mmoja tu, ulikutwa kwenye stoo ya wasambazaji. Siku ya kwanza nilipouzungusha mezani, nikafika mwisho wa gurudumu la kwanza, nikaona pembeni juu vitone vitatu vilivyochorwa kwa sindano, vimekaa kama mafiga. Ni wewe uliyenifundisha kwamba kila mwendesha mashine anatia alama yake pale, ajue gurudumu linakwisha na mashine ya pili iwe tayari, na kwamba wewe ulichagua mafiga kwa sababu hujawahi kupika. Mkanda pekee uliobaki umepita mikononi mwako, Mjomba. Niliwaita wenzangu wote waje waone, nikawaambia huyo ni mwalimu wangu.

Nakutumia matoleo mawili ya zamani, yote yalitokana na mkanda huuhuu. Yatazame uniambie picha ngapi, sauti ngapi, kwa kumi, kama tulivyokuwa tukifanya. Na jambo moja dogo. Katika gurudumu la nne, pale fundi saa anapopanda ngazi za nyumba ya wageni kumtafuta mkewe, mkanda umekatwa ukaungwa. Kiungo chenyewe ni safi mno, wembe haukutetereka. Unakumbuka lolote?

Mpwa wako akupendaye.


23 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limekubali amani kwa masharti. Bi Tiketi hajambo, anakusalimu, anasema pazia lifuliwe kila mwezi. Paa la jikoni linavuja mahali papya, maana pale pa zamani nilipaziba kwa ustadi maji yakaona aibu kupita. Unacheka huko? Nakuuliza kila barua na kila barua unanipiga chenga.

Habari ya mafiga nimemsomea Bi Tiketi mara mbili. Mara ya pili aliniambia inatosha.

Sasa kazi. Nilifunga madirisha, nikaomba redio izimwe, nikatazama toleo la kwanza asubuhi na la pili mchana, ili jicho lipumzike. La kwanza walilitoa kwenye kanda ya video, halijifichi. Weusi wake si weusi, ni jivu la jana. Kingo za picha zimekatwa, na kwenye ile karamu watu wawili wanazungumza lakini mmoja wao ni pua tu. Sauti inachakacha kama mvua juu ya bati. Hata hivyo nyuso zina uhai. Fundi saa anapofungua ile saa ya marehemu baba yake unaliona jasho likianza juu ya mdomo, na maneno yanatoka vinywani mwa wenyewe. Picha nne, sauti sita.

La pili limeandikwa jaladani kwa dhahabu kwamba limesafishwa upya. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisugua mikwaruzo wakaondoka na ngozi. Mzee wa miaka sitini ana uso wa yai lililomenywa. Na ile mvua kubwa ya sokoni, mpwa wangu, mashine yao ilidhani mvua ni mikwaruzo ikaifuta. Watu wanakimbia na miavuli chini ya mbingu kavu. Sauti nayo wameitawanya kwenye spika zote, na hatua za fundi saa zilipozunguka nyuma ya kochi Bi Tiketi aligeuka kuona nani kaingia bila hodi. Picha tano, sauti mbili.

Lakini mtu apewe haki yake. Kwenye toleo hilohilo, katika duka la saa, kwa mara ya kwanza maishani niliziona saa zote ukutani zikitembea, na moja tu, juu kushoto, imesimama. Filamu hii nimeionyesha zaidi ya mara mia na saa ile sikuwahi kuiona. Nilikaa nikaitazama mpaka chai ikapoa. Aliyeitundika alijua anafanya nini, na aliyeitoa gizani nimemsamehe nusu ya makosa yake.

Haya, goti linaniita nilinyooshe. Fanya kazi yako kwa utulivu.

Mjomba wako.


10 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mpe pole Bi Tiketi kwa zile hatua za nyuma ya kochi. Hapa tuko salama, ila mkuu wetu amenunua kiti kipya kinacholia kila akiinama, kwa hiyo siku hizi tunajua anapokuja kutukagua.

Barua yako niliibandika ukutani. Mvua ya sokoni nairudisha tone kwa tone, siku ya tisa leo, na Masikio ananiuliza kama namaliza kabla ya masika. Nikichoka nasoma pale uliposema maneno yanatoka vinywani mwa wenyewe, naendelea. Sijui mtu mwingine anayetazama hivyo. Wenzangu wana vyeti, wewe una macho.

Unauliza kama nacheka. Nacheka, Mjomba, kwa nini nisicheke? Hata nilipokuwa mdogo ulikuwa na tabia hiyo. Unanichekesha mpaka nagaagaa, halafu wewe mwenyewe unanyamaza, unafumba macho kama mtu anayeonja kitu.

Lakini na wewe umenipiga chenga. Nilikuuliza kuhusu kiungo cha gurudumu la nne. Fundi saa anapanda ngazi, anafika juu, anapapasa koti, anaanza kuinua mkono, na ghafla tunamwona anashuka. Miaka yote ile alimtafuta mkewe, amempata, halafu anaondoka bila sababu. Matoleo yote mawili yaliruka hapohapo na kumwaga muziki juu ya pengo. Kuna profesa ameandika kurasa kumi na moja kusifu mruko huo, anasema huo ndio ushujaa wa filamu nzima, mtu kuacha bila kueleza. Mimi nimepima kwa namba zilizochapwa ukingoni mwa mkanda. Zimekosekana picha themanini na nne, sekunde tatu na nusu. Hakuna aliyepanga mruko ule, kuna mtu alikata.

Mkuu anataka tusimamishe picha moja pale na kumwaga muziki, kama wenzetu waliotangulia. Nimemwomba muda mpaka mwisho wa Mei. Hili ni toleo la kwanza lenye jina langu na sitaki liwe na uongo katikati. Nakutumia diski ya majaribio ya gurudumu hilo na ya mvua. Nipe alama, na unijibu.

Mpwa wako.


6 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Bi Tiketi amepaka ukuta wa sebule rangi mpya na sasa haruhusu mtu kuuegemea.

Nimeitazama diski. Mvua ilipoanza niliinuka kwenda kufunga dirisha, nikarudi nikakaa, nikajicheka. Weusi ni weusi kweli, na ndani yake mna vitu. Chembechembe za mkanda umeziacha, uso una ngozi. Umeacha hata mafiga yangu, sijui mkuu wako alikuruhusu vipi. Nimefanya kazi ile miaka ishirini na sita na sijawahi kutupa picha nzuri hivi ukutani. Umenipita, na sioni wivu, naona raha. Picha tisa. Sauti sitii alama bado.

Hilo la ngazi liache. Mlango ni mlango tu, mbao na kitasa, hakuna aliyewahi kulipa kiingilio atazame mlango. Profesa wa watu naye ana kurasa zake kumi na moja, usimnyang'anye.

Mjomba wako.


18 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari ya ukuta. Kwa tisa yako nilikwenda kujinunulia viatu.

Sasa nisamehe, nitasema kama mtu mzima. Mimi sikutaja mlango. Nilitaja ngazi, nikataja mkono. Katika mkanda uliobaki duniani mlango wa juu ya ngazi hauonekani popote, nimeupitia picha kwa picha.

Sikuandikii kama askari. Ikiwa wembe ule ulikuwa wako, na kwa usafi wa kile kiungo sidhani ni wa mwingine, heshima yangu kwako haitapungua hata punje. Kila ninachokijua katika kazi hii kimetoka mikononi mwako. Ikiwa kipande kilitupwa, niambie kilitupwa, nitamruhusu mkuu amwage muziki wake. Ikiwa kipo, naomba unikopeshe. Tarehe thelathini na moja Mei kazi inafungwa, na baada ya hapo fundi saa ataondoka bila sababu milele.

Niambie tu, Mjomba. Kulikuwa na nini cha kutazama?

Mpwa wako.


14 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu za nyumba nzima. Barua yako imekaa chini ya redio wiki tatu. Bi Tiketi alikuwa akipangusa vumbi kuizunguka bila kusema neno, mpaka juzi akasema. Maneno yake sitayaandika, lakini alianza na "mficha maradhi, kifo humuumbua", na hapo alikuwa bado hajakasirika.

Unauliza kulikuwa na nini cha kutazama. Hapo ndipo ulipokosea, na kosa ni langu, nilikufundisha kutazama nikasahau sikio. Hakuna cha kutazama. Kuna mkono na mlango. Rudi kwenye kiungo ukipime upya. Unajua vizuri kwamba kwenye mkanda sauti haikai kando ya picha yake, inatangulia kwa picha ishirini. Mtu aliyetaka picha ya mlango angekata mbele kidogo ya pale. Mimi nilikata kwa sikio.

Filamu ile ilipigwa hapa kwetu, hilo unalijua. Ambalo sikukuambia ni kwamba walipokodi nyumba ya wageni, mama yako aliajiriwa kuwashonea waigizaji nguo. Dada yangu yule alikuwa na mkono mwepesi na akili inayotangulia mkono. Siku ya tukio la ngazi alikuwa amekaa nyuma ya ule mlango na sindano yake, kanyamaza kama walivyoamriwa. Fundi saa alitakiwa afike, atoe saa mfukoni, aitazame, kisha abishe hodi. Mama yako akakumbuka kwamba ule mfuko ameushona ukafungwa kabisa. Huku nje mtu anapapasa koti, hapati njia, anaona bora ainue mkono abishe tu. Mama yako akashindwa kujizuia, akacheka.

Yule mwigizaji alikuwa bingwa. Alikisikia kile kicheko, mkono ukabaki hewani, uso ukabadilika, akaushusha taratibu na kugeuka. Mwongozaji alitaka kufoka, akafunga mdomo. Wakaiacha. Ndiyo sababu fundi saa anashuka, mpwa wangu. Anamsikia mkewe anacheka huko ndani, anajua ana furaha isiyomhitaji yeye. Ukumbi mzima ulikuwa ukinyamaza pale, kila siku, hata wauza karanga.

Mama yako alipofariki wewe ulikuwa na miaka miwili. Picha zake tunazo, sauti yake hatuna. Mwaka uliofuata ukumbi ukafungwa, na mkanda ulikuwa urudishwe kwa wasambazaji. Nikachukua wembe. Nilijiambia nakala ziko nyingi, nani atakosa sekunde tatu na nusu. Sikujua nyingine zote zitaoza. Nimeinyang'anya filamu ile sababu yake, na kwa miaka thelathini nimesikia watu wakisifu pengo nililolitoboa mimi.

Na adhabu yangu hii hapa. Mashine ziliuzwa vyuma chakavu mwezi uleule. Sijawahi kukisikia tena. Ninakishika dirishani nautazama ule mstari mweupe wa sauti pembeni. Kicheko chake kina vilele vitano, cha tatu ndicho kirefu, halafu kuna bonde dogo pale anapovuta pumzi. Kipande chote nikikinyoosha ukutani kinafika alipokuwa akifika yeye akisimama bila viatu. Ndivyo nilivyokaa naye.

Sikukuambia kwa sababu unaniita mwalimu mbele za watu. Niliogopa uone kwamba mwalimu wako ni mwizi.

Kipande kimo ndani ya kopo la biskuti, nimekituma kwa rejista. Bi Tiketi alinisindikiza posta akasimama nyuma yangu mpaka nikaliachia. Kikipotea njiani, usiniambie.

Mjomba wako.


2 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Kimefika. Kopo lilikuwa na kovu moja ubavuni, kipande hakina hata mkwaruzo. Umekitunza kuliko wasambazaji walivyotunza filamu nzima.

Kabla ya kukigusa nilikinyoosha ukutani kama ulivyosema, nikasimama kando yake bila viatu. Tunalingana, kasoro ukucha.

Masikio ndiye aliyekipitisha kwenye mashine. Nilimwambia ni cha nani, akafunga mlango na kuniwekea kiti. Vilele ni vitano kweli. Cha tatu ni pale alipojaribu kujizuia ikashindikana. Na lile bonde si pumzi tu, kuna neno dogo ndani yake ambalo jicho lako lisingeliona. Anasema "jamani". Anasema kwa kunong'ona, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kitambaa anachokishona. Nililia, sitakuficha, na Masikio akajifanya anakaza skrubu.

Kimerudi mahali pake. Kiungo chako nimekifungua kwa mikono yangu, na mwizi anayekata sawasawa hivyo ningependa niwe naye kazini kila siku. Muziki tumeuondoa kabisa. Fundi saa anafika juu, anapapasa koti, anainua mkono, anasikia, anashuka. Mkuu alitazama amesimama, na kiti chake kikapumzika. Mwisho akasema profesa atalazimika kuandika kurasa nyingine kumi na moja. Nyuma ya jalada, chini ya jina langu, tumeongeza mstari: kicheko, mshonaji wa nguo za waigizaji. Jina lake lipo pale, kwa herufi sawa na za kwangu.

Unasema wewe ni mwizi. Mjomba, usingekata, kipande kile kingebaki kwenye stoo na gurudumu la nne, na gurudumu la nne ndilo lililoingia maji pembeni. Sauti ya hapo mbele na nyuma imelika vibaya, Masikio ameiokoa kwa taabu. Mahali palipo safi kuliko pote katika filamu nzima ni zile sekunde zako tatu na nusu. Mbele za watu nitaendelea kukuita mwalimu, ukipenda usipende.

Sasa nikuambie la jana, nikomee hapo. Kazi ilikuwa imefungwa, diski zimepelekwa kiwandani. Nilikaa mezani kwangu mchana nasoma tena barua yako. Nikafika pale mtu mzima anapopapasa koti na mfuko umeshonwa, nikacheka peke yangu, kicheko cha kweli. Masikio akatoka chumba cha pili na hedifoni shingoni, akaniuliza, "Umekifungua tena kile kicheko? Si tulishamaliza?"

Nikamwambia mashine imezimwa. Hakuniamini. Alikwenda akaiwekea mkono, akaikuta ya baridi. Akanigeukia akasema, "Basi cheka tena."

Sikuweza kucheka, nilikuwa nawaza mambo yangu. Nilikuwa nakuona wewe kwenye lile kochi, umeshanichekesha, umenyamaza, umefumba macho. Miaka yote hiyo nilidhani unaonja kitu.

Nakuja mwezi ujao na likizo ya wiki mbili. Nitakuletea toleo jipya ulitie alama ya sauti uliyonibania, na kipande chako kitarudi kwenye kopo lake. Usinifanyie maandalizi yoyote, na mwambie Bi Tiketi ukuta wake sitauegemea. Nitafutie tu kichekesho kimoja kizuri. Nikianza kucheka, wewe fumba macho yako, sitauliza kitu.

Mpwa wako, binti wa dada yako.